Santuri za Moondog: tunajibu barua zenu

Toleo lililopita tuliandika sentensi mbili tu kuhusu Moondog, mtunzi asiyeona aliyekuwa akisimama kwenye kona ya barabara jijini New York na kofia yake ya pembe. Sentensi hizo mbili zimeleta barua za kujaza safu nzima. Zinazofanana tumeziunganisha, na salamu tumezipunguza, mtuwie radhi.

SWALI: Kuna muziki wa kudansi wa Mr. Scruff uitwao "Get a Move On". Kijana mmoja hapa mtaani anabisha kwamba saksafoni inayozunguka mle ndani si yake, ni ya mtu aliyekuwa akipiga ngoma barabarani. Nani mkweli? Na huyo mtu nianze kumsikiliza wapi? (Msikilizaji, Mbagala)

JIBU: Kijana ni mkweli. Mr. Scruff, Mwingereza, alikata kipande cha "Bird's Lament" mwaka 1999 akakizungusha. Kipande chenyewe kikiwa kizima hakifiki hata dakika mbili. Moondog alikitunga kumlilia Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyejulikana kwa jina la Bird, aliyefariki mwaka 1955 na ambaye enzi za uhai wake alikuwa akisimama barabarani kuzungumza naye.

Wasifu wake kwa ufupi: Louis Thomas Hardin, alizaliwa mwaka 1916 Marysville, Kansas. Mwaka 1932, akiwa na miaka 16, fataki ya baruti ilimlipukia na kumtoa macho. Alisoma muziki katika shule ya wasioona ya Iowa, akahamia New York mwaka 1943, na mwaka 1947 akajipa jina la Moondog kwa kumkumbuka mbwa aliyekuwa akiubwekea mwezi kuliko mbwa wote aliowajua.

Anza na santuri ya mwaka 1969 iitwayo "Moondog", iliyotolewa na Columbia na kusimamiwa na James William Guercio, yule yule wa bendi ya Chicago. Ina vipande 8 na yote ni ya nusu saa hivi. Usiiache ikapita kama redio ya daladala. Chukua "Bird's Lament" uisikilize mara tatu mfululizo, kila mara ukifuata kitu kimoja. Mara ya kwanza fuata besi peke yake: utaona inarudia mstari uleule mfupi tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hahitaji kufundishwa jambo hilo. Ni kama gitaa la besi linaloshika mzunguko wake wakati wengine wanatembea juu yake. Mara ya pili fuata saksafoni ya alto, ndiyo inayosimama badala ya Bird. Mara ya tatu fuata saksafoni nene ya baritoni inayomjibu kwa chini. Wengi hawaisikii kabisa mpaka waambiwe ipo.

Kutoka hapo nenda "Symphonique #6 (Good for Goodie)", aliyomtungia Benny Goodman, mpiga klarineti wa jazi, kisha "Stamping Ground". Sauti nzito ya mwanamume utakayoisikia ikisema mistari ya kishairi katikati ya santuri ni ya Moondog mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kuanza na "Moondog 2" ya mwaka 1971. Ni santuri nzuri, ila nyimbo zake 26 ni fupi fupi, na sikio lisilojua zinafanya nini litadhani zimekatwa kabla ya kuisha. Tutazifikia kwenye barua ya mwalimu wa kwaya.

SWALI: Niliagiza "Moondog" yenye ala nyingi za okestra, nikaletewa "Moondog" yenye vyura na honi za magari. Muuzaji anasema ndiyo niliyoandika kwenye oda. Nimeibiwa? (Mnunuzi aliyekasirika, Nakuru)

JIBU: Hukuibiwa, ndugu, umeangukia shimo ambalo kila mtu huangukia. Kuna santuri mbili zenye jina hilo hilo tupu, "Moondog". Ya kwanza ni ya Prestige, mwaka 1956, namba 7042. Ya pili ni hiyo ya Columbia, mwaka 1969, namba MS 7335. Agiza kwa namba, usiagize kwa jina. Nyingine za kuandika pembeni: "More Moondog" ni Prestige 7069, "The Story of Moondog" ni Prestige 7099, na "Moondog 2" ni Columbia KC 30897.

Dukani nako jiandae kuzunguka rafu. Prestige ilikuwa kampuni ya jazi, kwa hiyo santuri za 1956 na 1957 huwekwa kwenye jazi, ingawa ndani kuna ngoma, filimbi ya mwanzi na kelele za mtaa. Ile ya 1969 ilitoka katika mfululizo wa Masterworks, ambao Columbia ilitolea muziki wa klasiki wa akina Leonard Bernstein na Glenn Gould. Basi hiyo utaikuta karibu na Beethoven. Nyingine huwekwa kwenye roki kwa sababu Janis Joplin na wenzake wa Big Brother and the Holding Company waliimba "All Is Loneliness" kwenye santuri yao ya mwaka 1967. Zote ni kazi za mtu mmoja mwenye kanuni zilezile za utunzi. Hakuna rafu iliyomtosha, na hilo si kosa lake.

Jina lenyewe nalo limewahi kufika mahakamani. Mtangazaji Alan Freed wa Cleveland alikuwa akiita kipindi chake cha redio kwa jina la Moondog, huku akipiga santuri ya Moondog mtunzi iitwayo "Moondog Symphony". Mtunzi alimshitaki New York akashinda mwaka 1954, na Freed akalazimika kuliacha jina. Kwa hiyo ukikuta tangazo la zamani la "Moondog" lenye harufu ya rokenroli, huyo ni Freed. Na Johnny and the Moondogs ni jina la Beatles kabla hawajawa Beatles. Ukitafuta mtandaoni, andika "Moondog" pamoja na "Louis Hardin" na wengi kati ya hao watakuondokea njiani.

SWALI: Kofia ya pembe ilikuwa ya nini? Na ni kweli alilala barabarani miaka yote? (Wasomaji watatu tofauti)

JIBU: Mwanzoni alivaa joho na ndevu ndefu, watu wakawa wanamfananisha na Yesu au mtawa. Hakupenda. Akageukia mavazi ya Waviking wa kaskazini mwa Ulaya, ambao hadithi zao za miungu alizipenda kweli: kofia ya pembe, mkuki, vazi alilojishonea. Alisimama Sixth Avenue, maeneo ya Mtaa wa 54, akiuza mashairi yake na karatasi za muziki. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa na chumba cha kulala, na alikuwa na kiwanja chake huko Candor, kaskazini mwa jimbo la New York. Mtaa ulikuwa ofisi yake. Picha za kofia ni nyingi mno mtandaoni. Sisi tunashauri muda huo utumike kuhesabu mapigo.

SWALI: Mimi sioni, nasoma kwa nukta nundu, na napiga kinanda kanisani kwa kusikiliza tu. Nimeambiwa huyu mzee aliandika hata muziki wa okestra nzima kwa nukta nundu. Inawezekanaje? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Inawezekana, na wewe uko karibu zaidi na jibu kuliko wanaoona, maana nukta ni zilezile sita unazozijua. Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda cha kanisa, na mfumo wake wa kwanza, alioutoa mwaka 1829, ulikuwa na sehemu ya muziki.

Noti saba zinaandikwa kwa herufi d, e, f, g, h, i na j. Herufi d ni noti ya C, e ni D, f ni E, mpaka j ambayo ni B. Hapo ndipo wanaoanza huteleza: vidole vinasoma "d" na kichwa kinakimbilia noti ya D. Kazana na C mpaka ikae. Angalia sasa kwamba herufi hizo zote saba hazigusi nukta mbili za chini, ya 3 na ya 6. Hizo zimeachwa kwa ajili ya urefu wa noti. Zikiwa tupu, noti ni nusu pigo. Ukiongeza nukta ya 6, ni pigo moja. Ukiongeza ya 3, mapigo mawili. Ukiweka zote mbili, mapigo manne. Mfano: C ya pigo moja ni nukta 1, 4, 5 na 6. Kuna mtego mmoja: alama ya mapigo manne ndiyo hiyo hiyo ya robo ya pigo. Utaitambua kwa kujumlisha kipimo kizima. Kikizidi, ulichosoma kama kirefu kilikuwa kifupi. Kabla ya noti huwekwa alama ya oktava, kwa kuwa hakuna mistari mitano ya kuonyesha juu na chini.

Na hapo ndipo nukta nundu na muziki wa Moondog vinakutana. Anayeona huweza kutupa jicho kwenye ukurasa wa okestra akaona sauti kumi zimepangwa wima kwa pamoja. Kidole kinasoma mstari mmoja kwa wakati mmoja. Moondog aliandika kila sauti peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nyingine, huku zilizotangulia akiwa amezihifadhi kichwani. Kwa namna hiyo ya kazi, kanoni, yaani sauti zinazofuatana kwa kuimba mstari uleule, inafaa kuliko kitu chochote: ukishaupata mstari mmoja ulio imara, zinazofuata zimeshapatikana, kinachobaki ni kukagua zinapogongana. Alikuwa mkali sana kwenye ukaguzi huo. Aliwahi hata kudai kwamba Bach alikosea.

Alitumia kibao na kalamu ya kutobolea, na kama ujuavyo karatasi hutobolewa kutoka kulia kwenda kushoto. Alifanya hivyo papo hapo barabarani, bila ala yoyote ya kujaribishia. Kazi ngumu ilikuja baadaye: kumsomea mtu anayeona, noti moja baada ya nyingine, naye aandike kwa noti za kawaida. Mwandishi huyo hulipwa. Hii ndiyo sababu kubwa kwa nini tungo zake nyingi zilikaa miaka kwenye karatasi za nukta nundu bila kupigwa.

SWALI: Shikamooni. Nafundisha kwaya ya watu 24. Nataka kujaribu nyimbo zake za kufuatana lakini kila tukifika sauti ya tatu tunabomoka. Pia mapigo matano yanatushinda. (Mwalimu wa kwaya, Morogoro)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Anza na mapigo, maana ndiyo yanayowabomoa, siyo sauti ya tatu.

Moondog aliuita mdundo wake "Snaketime", mwendo wa nyoka, kwa sababu unateleza badala ya kupiga kwata. "All Is Loneliness" ina mapigo matano. Kwaya iliyozoea manne huongeza pigo la sita bila kujijua, au hulimeza la tano. Msiwape wanakwaya namba za kuhesabu, wapeni maneno. "Maji ya moto" ni silabi tano kamili, na mkazo wake unaanguka panapotakiwa: MA-ji-ya, MO-to, tatu na mbili. Wapige makofi kwenye MA na kwenye MO tu, waseme dakika mbili bila kusimama, kisha waendelee kupiga makofi huku maneno wakiyasema moyoni. Akiingiza mtu pigo la sita, makofi yatamsaliti hapo hapo. Kwa mapigo saba ongezeni neno moja: "Maji ya moto sana", MA-ji-ya, MO-to, SA-na. Hiyo ni tatu, mbili, mbili.

Sasa kanoni. (Tusichanganye na ganuni ya taarabu, ndugu zetu wa Zanzibar, hii ni namna ya kutunga, haina nyuzi.) Watu wote 24 wajifunze mstari mmoja kwa sauti moja, mpaka waweze kuuimba mara nne mfululizo bila wewe kupunga mkono. Hatua hii haina njia ya mkato. Kisha wagawe makundi mawili: 12 na 12. Kundi la pili liingie pale palipowekwa alama, na kabla halijaingia liwe linanong'ona maneno ya wa kwanza. Anayengoja kimya hupoteza hesabu, anayenong'ona hapotezi. Mkiimba mizunguko mitano bila kuanguka, ndipo muwe makundi matatu ya watu 8, na mwisho manne ya 6.

Sauti ya tatu hubomoa kwa sababu mbili. Moja, wanaoingia mwisho hudhani wamechelewa, wakakimbia kuwafukuzia wenzao; weka mtu mmoja apige manyanga kwa upole, ashike mwendo, na wote wamsikilize yeye. Pili, kila kundi hupaza sauti lisikike. Sheria ni moja: kama huwezi kusikia kundi lililoingia kabla yako, wewe ndiye unayepiga kelele. Shuka.

Mwisho amueni kabla ya kuanza: ama makundi yanamaliza moja baada ya jingine, kama walivyoingia, ama wote mnasimama pamoja kwa ishara yako. Sisi tunapenda namna ya kwanza, kwani msikilizaji anaona nyumba inavunjwa tofali kwa tofali. Kwa mfano wa kusikiliza, chukueni "Moondog 2": Moondog na binti yake June wanaimba kwa sauti zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Nyimbo zake bado zina ulinzi wa hakimiliki, kwa hiyo kabla ya tamasha la kiingilio tafuteni kibali.

SWALI: Mimi ni seremala. Nimeona picha ya zile ngoma zake za pembetatu. Nataka kutengeneza moja ya kujifunzia. Nipeni vipimo. (Fundi, Tanga)

JIBU: Ngoma hizo zinaitwa trimba, na yeye ndiye aliyezibuni: ngoma za pembetatu zilizounganishwa na kisahani cha shaba, mpigaji amekaa chini, mkono mmoja ana manyanga na mwingine kijiti. Alibuni na ala nyingine, kama "oo", ambayo ni kinubi kidogo cha pembetatu. Vipimo tunavyokupa ni vyetu, vya ngoma ya mazoezi, siyo nakala ya zake.

Chukua plaiwudi ya mm 18, ukate vipande vitatu vya sentimita 40 kwa 20. Usijaribu kwa mm 9 ili upunguze gharama. Ngozi ikikauka huvuta mbao za pembeni ziingie ndani kama tumbo la njaa, na sauti inakufa. Shida yako ya kwanza itakuwa kwenye kona. Kona ya fremu hii ni nyuzi 60, kwa hiyo kila ncha ya ubao inatakiwa ikatwe iwe kali ya nyuzi 30, na msumeno wa mviringo haulali kiasi hicho, kwani mwingi huishia 45. Fanya hivi: upande wa ndani wa ubao pima mm 31 kutoka kwenye ncha, chora mstari, kisha ondoa mbao kwa randa kutoka mstari huo mpaka ukingo wa nje. Paka gundi, funga kwa kamba ya mpira ya baiskeli, na kila kona kwa ndani bandika kabari ya mbao ngumu yenye urefu wote wa sentimita 20. Bila kabari, gundi itaachia siku ya kuwamba.

Ukingo wa juu uviringishe kwa msasa mpaka kidole kisisikie makali, hasa kwenye kona tatu. Ngozi nyingi hukatika hapo.

Ngozi iwe ya mbuzi, nyembamba, isiyo na nywele, iliyozidi fremu kwa sentimita 8 kila upande. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya baridi. Maji ya moto huikunja na haitarudi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini kwenye pembetatu asivutie kona kwanza: piga msumari wa kwanza katikati ya kila upande, sentimita 3 chini ya ukingo, kisha sogea kuelekea kona kwa nafasi ya sentimita 2 na nusu, ukibadilisha pande. Kona ziwe za mwisho, ukikunja ngozi kama unavyofunga zawadi. Vuta kwa mkono tu, usitumie koleo. Ngozi itajikaza yenyewe ikikauka. Ianike kivulini siku 3. Wanaoianika juani huisikia ikipasuka kwenye misumari saa nane mchana.

Upigaji: eneo la katikati linatoa sauti nene, na kadiri unavyosogea kwenye kona sauti inakuwa kavu na ya juu, kwa kuwa pembeni ngozi haina nafasi ya kucheza. Ngoma moja basi inakupa sauti tatu. Chini iache wazi na uiinue sentimita 3 kutoka sakafuni. Huko Tanga unyevu utailegeza. Ipashe moto wa makuti kwa mbali kama ngoma yoyote. Za kufanyia mazoezi ni "Trimbas in Quarters" na "Trimbas in Eighths", zote ziko kwenye "The Story of Moondog".

SWALI: Nimepata nafasi ya kununua sahani mbili: "Snaketime" ya kasi ya 78 na ile ya inchi 10 ya Epic. Mashine yangu ina kasi ya 33 na 45. Ninunue? (Mkusanyaji, Mombasa)

JIBU: Ya Epic, "Moondog and His Friends" ya mwaka 1953, nunua kama haina mikwaruzo mirefu, ni ndogo kwa umbo lakini inakwenda kwa kasi ya 33. Ile ya 78 ilitolewa na lebo ndogo ya SMC ya New York, na hapo tatizo si kasi pekee. Mfereji wake ni mpana. Sindano ya kawaida ya stirio ina upana wa mikroni 18 hivi, itazama mpaka chini na kukwangua uchafu. Kwa 78 unahitaji sindano ya mikroni 75 na uzito mkubwa zaidi, mara nyingi gramu 3 hadi 5, kadiri karatasi ya maelezo ya kichwa cha sindano yako inavyosema. Kama mashine haina 78, piga kwa 45 ukirekodi kwenye kompyuta, kisha ongeza kasi mara 1.733. Besi itabaki imepotoka kidogo, lakini utasikia kilichomo.

Kusafisha: sahani za 78 zilizotengenezwa kwa sheleki zisiguswe na spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha sheleki. Tumia maji yaliyochujwa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mfereji kwa mviringo, usilowanishe karatasi ya katikati, kisha isimamishe ikauke. Kwa Prestige za inchi 12 soma karatasi ya katikati: anwani ya 446 W. 50th St., N.Y.C. ni ya toleo la mapema. Ikiwa Bergenfield, N.J., ni ya baadaye na bei ishuke. Zile ni za mono; kama mashine ina kitufe cha mono, kibonyeze, nusu ya mchakacho itaondoka. Jalada la "The Story of Moondog" ni maandishi ya mkono matupu, ya Julia Warhola, mama wa Andy Warhol, na ndilo linalopandisha bei kuliko muziki. Pwani hifadhi zote wima, na karatasi za ndani ubadilishe zinapoanza kunuka ukungu.

Kama unachotaka ni kusikiliza tu, "More Moondog" na "The Story of Moondog" zimeshatolewa pamoja kwenye diski moja, na zile mbili za Columbia hivyo hivyo. Mtu wa Mombasa asikose "Duet: Queen Elizabeth Whistle and Bamboo Pipe": honi ya meli kubwa bandarini na filimbi ya mwanzi vinaitikiana.

SWALI: Baada ya 1971 alikwenda wapi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Ujerumani. Alialikwa mwaka 1974 kwa maonyesho ya redio huko Frankfurt, akabaki. Ilona Goebel, mwanafunzi wakati ule, alimpeleka kwao, akajifunza kumwandikia kazi zake kutoka nukta nundu, na ndipo tungo zikaanza kutoka kabatini. Santuri za kipindi hicho ni "Moondog in Europe" (1977), "H'art Songs" (1978) yenye piano na sauti yake mwenyewe, "Elpmas" (1991), na "Sax Pax for a Sax" aliyofanya na kundi la London Saxophonic. Alifariki Münster tarehe 8 Septemba 1999. "Elpmas" iache ya mwisho. Imetengenezwa kwa kompyuta ya kunasa na kurudia sauti, ndiyo maana jina lake ni neno la Kiingereza "sample" lililogeuzwa nyuma mbele, na mistari yake ya marimba inajirudia kwa subira kubwa. Ukiipiga kwa spika ya simu itasikika kama mlio wa simu inayoita. Tumia spika mbili au vipokea sauti vya masikioni, na sauti iwe ya chini.